Kiti cha umeme cha gari kilichokwama kwa kutu: reli zaokoleka, lakini anzia kwenye maji

Swali la msomaji:

"Mtaalamu, salamu. Nina Porsche 944 ya mwaka 1986, usukani wa kulia, niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu hapa Mombasa. Imekaa chini ya turubai kwa miaka kama sita. Kiti cha dereva ni cha umeme. Nikibonyeza swichi ili kirudi nyuma, mota inaguruma, upande wa kulia wa kiti unasogea kidogo sana huku wa kushoto ukibaki palepale, kisha kila kitu kinanyamaza. Nikisubiri dakika chache, inaguruma tena. Reli zote mbili ambazo kiti hutelezea zimegeuka rangi ya matofali, na zulia lina harufu ya uvundo. Fundi wa kwanza ameniambia mota imekufa, niagize nyingine Uingereza. Wa pili anasema nipulizie WD-40 usiku kucha, kisha tugonge kwa nyundo. Wa tatu anataka kukichomelea kiti kwenye reli mahali ninapopapenda, yaishe. Mimi si fundi, lakini nina vifaa vya kawaida na subira. Je, reli hizi zinaokoleka, na naweza kuifanya kazi hii mwenyewe?"

Jibu:

Pole kwa kuondokewa na mjomba, na umefanya vyema kutomkubalia upesi yeyote kati ya mafundi hao watatu. Nikilisoma swali lako naona hofu mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni kwamba utatupa fedha kwenye mota isiyo na ugonjwa. Ya pili, ambayo hukuitamka waziwazi, ni kwamba unaweza kuzisafisha reli zilizokwisha kuoza, ukabaki umekalia kitu kisichoweza kukushika siku ya ajali. Zote mbili ni hofu za haki. Kwa dalili ulizozieleza, mota yako ina kila ishara ya kuwa hai, reli pengine zinaokoleka, na sehemu kubwa ya kazi unaiweza. Lakini jambo la kwanza la kushughulikia si mota wala reli. Ni maji yaliyolowesha zulia lako.

Kwanza tuelewane jinsi kiti hiki kinavyosogea, kwa kuwa asiyejua njia ya nguvu kutoka swichini hadi relini ataishia kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Chini ya mto wa kiti kuna mota ndogo za volti 12, kila moja ikiwa na kazi yake. Mota ya kusogeza mbele na nyuma haigusi reli moja kwa moja. Inazungusha kebo mbili nyembamba zinazopindika, zilizo ndani ya ala ya plastiki, moja ikielekea kulia na nyingine kushoto, na kila kebo ina ncha ya pembe nne inayoingia kwenye giaboksi ndogo iliyo kwenye reli. Giaboksi hiyo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu, kisha skrubu ndefu na nati yake huuvuta upande ule wa kiti. Swichi kazi yake ni kugeuza chanya na hasi tu, ndiyo maana mota ileile huenda mbele na kurudi. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba mota moja inalisha reli mbili, na hakuna chochote kinachozilazimisha reli hizo ziende sawa isipokuwa zile kebo mbili.

Sasa rudi kwenye dalili zako. Upande wa kulia unasogea kidogo, maana yake umeme unafika, mota inazunguka, na kebo ya kulia ni nzima. Upande wa kushoto umeganda, ama kwa sababu reli imeshikwa na kutu, ama kwa sababu ncha ya kebo ya kushoto imechomoka au kulika ikawa duara. Reli moja ikienda na nyingine ikabaki, kiti hujipinda kama droo ya kabati inayovutwa kwa pembe moja, na hapo hata reli nzima nayo hukwama. Mota inayozuiwa kuzunguka hunyonya umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, hupata joto, na kikata umeme cha joto kilichomo ndani ya mota nyingi za namna hii hufungua. Kikipoa hufunga tena, na ndiyo maana ukisubiri dakika chache inaguruma upya. Mota iliyokufa haigurumi, haipati joto wala haifufuki baada ya kupumzika. Kwa hiyo fundi wa kwanza amemhukumu aliyebebeshwa mzigo badala ya mzigo wenyewe. Nakuomba lakini uache kuijaribu kila siku, kwa sababu kila jaribio linazichoma brashi za kaboni na kuilainisha ala ya kebo. Ukiendelea, utabiri wa fundi huyo utatimia kwa mkono wako mwenyewe.

Fundi wa pili amekosea kwa njia inayosameheka. WD-40 ni kitu kizuri kwa kazi yake, na jina lake lenyewe linatokana na kufukuza maji. Hupenya, hulegeza, hufukuza unyevu. Ila si kilainishi cha kudumu. Kitu chepesi kama hicho hukauka, na katika safari yake huiosha grisi ya zamani iliyokuwa imebaki mahali pachache pazuri. Itumie kulegeza bolti, usiitegemee kuwa ndiyo matengenezo. Nyundo ndiyo tatizo kubwa zaidi. Reli ni bati nene lililokunjwa kwa nafasi ndogo sana kati ya ya juu na ya chini, na pigo moja likiibonyeza ya juu hata kwa nusu milimita tu, umeziba njia ambayo hakuna grisi itakayoifungua.

Kuhusu kuchomelea, siwezi kulizungushia maneno: usikubali. Reli za kiti ni sehemu ya usalama, si pambo. Chukulia gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linalosimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kiti cha kilo 25 peke yake kitavuta bolti zake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 350 hivi. Na ikiwa kifungo cha mkanda wa usalama kimefungwa kwenye kiti au kwenye reli, jambo ambalo ni la kawaida katika magari mengi na ambalo unapaswa kulikagua kwenye gari lako leo hii, basi sehemu kubwa ya uzito wa mwili wako nayo inaning'inia hapo. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu ambao kiwanda kilikusudia chuma kiwe nao, na mshono wa haraka uliopigwa juu ya kutu hauna thamani. Tena reli hizi zilipakwa zinki kiwandani. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomtia mchomeleaji homa na kutetemeka usiku mzima, bila kusahau kwamba kazi yote hiyo inafanyika sentimita chache kutoka kwenye sponji na zulia vinavyoshika moto upesi.

Tuje kwenye maji. Huenda unajiuliza mbona gari lenye sifa ya kutopata kutu lina reli nyekundu. Ni kweli kwamba bodi ya 944, iliyotengenezwa kuanzia 1982 hadi 1991, ilichovywa zinki, na ndiyo maana kingo za chini ya milango na sakafu za magari haya huonekana vizuri hata baada ya miaka arobaini. Lakini reli si bodi. Tabaka lake la zinki ni jembamba sana, na kila kiti kinaposogea tabaka hilo husuguliwa na kuisha hasa pale linapohitajika. Zulia likilowa, sponji iliyo chini yake hukaa kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya ndoo: haikauki kwa wiki kadhaa, na mvuke wake huzifikia reli kutoka chini mchana na usiku. Ongeza chumvi ya hewa ya pwani, ambayo huvuta unyevu na kuharakisha kutu, na turubai linalozuia upepo, na utakuwa umeelewa miaka sita ilifanya nini. Turubai lile, kwa nia njema kabisa, huenda ndilo lililoliumiza gari kuliko jua.

Katika 944 za miaka hiyo kuna njia tatu za maji ambazo ningezikagua kabla ya nyingine zote. Ya kwanza ni sahani ya betri, iliyo nyuma ya injini chini ya kioo cha mbele. Tundu lake la kutolea maji huziba kwa majani, maji huchanganyika na asidi iliyovuja kwenye betri, bati huliwa, na siku moja linatoboka na kumwaga kila kitu miguuni mwa aliyekaa ndani. Inua betri, safisha, angaza kwa tochi. Ya pili ni mlango wa kioo wa nyuma, ambao gundi inayoshika kioo na fremu yake huachia, na mpira wake hukauka. Maji huingia kwenye buti na kusafiri kimyakimya chini ya zulia kuelekea mbele. Ya tatu ni paa la kufunguka, kama gari lako linalo, pamoja na mirija yake ya kutolea maji. Mpe mtu mpira wa maji amwagie gari sehemu moja kwa dakika kumi huku wewe umekaa ndani na tochi, kisha mhamie sehemu nyingine. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo mengine yote ninayokueleza utayarudia baada ya masika mawili.

Ukishajua maji yanapoingilia, toa kiti. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Kwa gari lako la 1986 sitarajii mfuko wa hewa ndani ya kiti, lakini msomaji mwingine mwenye gari la miaka ya karibuni asiguse soketi zilizo chini ya kiti, hasa zile za rangi ya manjano, kabla ya kusoma kitabu cha gari lake. Ugumu wako utakuwa huu: bolti za mbele huonekana kiti kikiwa nyuma, na za nyuma huonekana kikiwa mbele, ilhali chako hakiendi kokote. Suluhisho ni kuipita mota. Vuta ncha za kebo zitoke kwenye mota, na uizungushe kila kebo kwa mkono, ukitumia kipande cha chuma chenye pembe nne kinacholingana na ncha hiyo, au kwa drili ya betri iliyowekwa mwendo wa chini kabisa. Zungusha upande uliokwama kidogo mbele, kidogo nyuma, ukiipulizia skrubu na njia ya reli mafuta ya kupenya na kuyaacha usiku kucha. Reli zinazoonekana zimekufa kabisa mara nyingi husalimu amri siku ya tatu kwa mtu asiye na haraka. Ukiuhisi ukinzani ukipanda ghafla, rudi nyuma. Usilazimishe, maana giaboksi hizi huvunjika meno kabla skrubu haijavunjika.

Kabla ya kufungua chochote zaidi, piga picha, na upime. Pima kwa kalipa umbali kutoka mwisho wa skrubu hadi kwenye nati, kulia na kushoto, ukaandike kwenye kipande cha karatasi ya gundi. Vipimo hivyo utavihitaji mwishoni kuliko kitu kingine chochote. Kama reli zako zina vigololi au roli za chuma kati ya ya juu na ya chini, zitelezeshe juu ya kitambaa cheupe na uzihesabu zinapodondoka. Mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma nikiwa mwanagenzi, nilipoteza kigololi kimoja kwenye mchanga wa uani, nikafunga kiti bila hicho nikidhani hakuna atakayejua. Mwenye gari alirudi baada ya wiki mbili akilalamikia kiti kinachocheza kama jino bovu. Ikiwa ncha za reli zimefungwa kwa ribiti, usizitoboe kwa drili mpaka uwe na uhakika wa namna utakavyozifunga tena kwa nguvu ileile. Reli husafishika vizuri hata bila kutenganishwa kabisa.

Sasa hukumu. Sugua kutu yote kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, kisha tazama kwa mwanga wa pembeni. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, na kwa sababu hiyo tabaka linalotisha kwa macho linaweza kuwa limekula chuma kidogo sana. Ni uvimbe huo huo, si ukosefu wa chuma, unaozikamata reli zenye nafasi ndogo. Ukikuta uso uliochafuka rangi tu, au wenye mashimo madogo kama ya uso wa ndui, reli hiyo ina maisha. Ukikuta chuma kinachobanduka kwa tabaka kama mkate wa chapati, tundu lolote, ufa wowote kandokando ya matundu ya bolti au mahali kifungo cha mkanda kinaposhika, hiyo si reli tena, ni chuma chakavu. Pima unene mahali palipoliwa na ulinganishe na mahali pazima pa reli ileile. Mimi huwa naweka mpaka mkali: kwenye bati la kawaida la bodi ningejadiliana, lakini kwenye reli ya kiti, upungufu wowote ninaouona kwa macho karibu na mahali panapobeba nguvu unanitosha kuikataa.

Kwa reli zilizopita mtihani huo kuna njia kadhaa za kutoa kutu iliyobaki kwenye pembe. Siki nyeupe ya dukani hufanya kazi vizuri: lowesha usiku kucha, sugua, suuza kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua asidi, kausha upesi. Njia ninayoipenda zaidi kwa vipande virefu kama hivi ni ya umeme. Chukua beseni la plastiki, maji, na kijiko kimoja cha chakula cha magadi soda kwa kila lita nne. Ning'iniza reli kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na kwenye waya wa chanya funga kipande cha chuma cha kawaida kisichogusana na reli. Kutu hulegea na kugeuka matope meusi yanayosugulika, na chuma kizima hakiliwi. Kuna tahadhari tatu hapa ambazo si za kupuuza. Kipande cha chanya kisiwe cha chuma kisichopata kutu, kwa sababu hicho huachia kromiamu yenye sumu majini. Kazi ifanyike nje, mbali na moto, maana mapovu yanayopanda ni haidrojeni na oksijeni. Na magadi yawe yale yaliyosafishwa viwandani, si yale mabonge ya sokoni tunayolainishia maharage, kwa kuwa hayo huwa na chumvi ndani yake, na chumvi ndiyo tunayoikimbia.

Kwa sababu hiyohiyo, maji ya kusuuzia ni jambo la kufikiria kwa mtu wa Mombasa. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Ukisuuza nayo umeipanda upya mbegu ya kutu ndani ya mashimo uliyoyasafisha. Tumia maji ya mvua au yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, yawe ya moto, na urudie mara tatu. Kisha kausha kwa kikausha nywele papo hapo, kwani katika hewa ya pwani chuma kilichovuliwa nguo hupata wekundu kabla hujamaliza kunywa chai.

Usizitie kwenye siki wala kwenye beseni la umeme springi na bolti ngumu. Asidi na umeme vyote viwili huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na chuma hicho hugeuka kuwa kitu cha kukatika ghafla bila kujipinda kwanza. Hizo zisafishe kwa brashi, na bolti za kushikia kiti zibadilishe kwa mpya zenye namba ileile iliyopigwa kichwani, iwe 8.8 au 10.9, bolti isiyo na namba isikaribie sakafu ya gari lako. Na ukiamua kupeleka reli zikapakwe zinki kwa umeme, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la heshima zaidi kwa gari la namna hii, muulize mpakaji kama ana tanuri la kuondolea haidrojeni, ambalo kwa kawaida huweka vipande katika joto la nyuzi 200 hivi kwa saa kadhaa baada tu ya kupaka. Asipoelewa swali lako, mpe reli tupu zisizo na sehemu ngumu, au tafuta mwingine.

Kama zinki haipatikani, dawa ya kubadilisha kutu yenye asidi ya fosforasi itaifanya kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi lisiloendelea kula, kisha nje ya reli upake rangi ya chini yenye zinki na rangi ya juu ngumu. Nje tu. Njia ya ndani ambamo reli hutelezea usiipake rangi nene, na hasa usikubali rangi ya unga inayookwa. Ni nzuri kwa rimu na mageti, lakini unene wake unameza nafasi yote ya kutelezea. Humo ndani weka grisi. Grisi ya lithiamu ya ugumu wa namba 2 inatosha, na kwa mtu aliye karibu na bahari, grisi ile wanayotumia kwenye mashua ni bora zaidi kwa sababu haioshwi na maji. Iwe tabaka jembamba. Grisi ya kujaza mfereji hukusanya mchanga na kuwa msasa.

Usiisahau njia nzima ya nguvu. Grisi iliyo ndani ya giaboksi ndogo imekaa karibu miaka arobaini na huenda imekuwa ngumu kama sabuni ya mche. Itoe, weka mpya. Toa kila kebo kwenye ala yake na uitazame ncha zote mbili: zikiwa duara badala ya pembe nne, kebo hiyo imekwisha. Ala za plastiki za umri huu pia husinyaa, na kebo ikabaki ndefu kuliko nyumba yake au ikachomoka upande mmoja. Ni ugonjwa unaojulikana sana katika viti vya umeme vya magari ya Ujerumani ya miaka ya 80 na 90, na huiga kabisa dalili za reli iliyokwama. Mota yenyewe ijaribu mezani, kwa waya wenye fyuzi kutoka kwenye betri: ikizunguka laini pande zote mbili bila cheche nyingi wala harufu, irudishe. Na ukishaifunga garini, pima volti kwenye soketi yake ikiwa inafanya kazi. Zikishuka chini ya 10 hivi, tatizo lililobaki liko kwenye swichi, nyaya au mahali waya wa hasi unaposhika bodi, ambapo pia hupenda kuota kutu.

Kufunga ndiko wengi wanakoharibu. Kabla ya kuchomeka kebo, zungusha skrubu zote mbili kwa mkono mpaka kalipa ikuonyeshe kipimo kimoja kulia na kushoto, na hapo ndipo kebo ziingie. Tofauti ya mizunguko michache tu itakurudishia kiti kilichojipinda, ukadhani kazi yote ilikuwa bure. Weka kiti garini na bolti zikiwa zimeshikwa kwa vidole tu, kisogeze kwa umeme mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwisho ili reli zijitafutie usambamba wake, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Huenda pia unajiuliza kama ununue reli nyingine. Reli zilizotumika kutoka kwenye gari lililovunjwa ni chaguo zuri kama zako zimekataliwa, kwa sharti kwamba gari hilo halikugongwa kiasi cha kuvuta viti, na kwamba unaziona kwa macho au picha kali kabla ya kulipa. Reli kutoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu, zinaweza kukufikia zikiwa na hali ileile ya zako. Kubadilisha kuwa reli za kusogeza kwa mkono za modeli hiyohiyo si aibu, ni nyepesi na hazina kebo za kuchomoka, ingawa utapoteza kiti alichokizoea mjomba. Reli za kubuniwa karakanani kwa vyuma vya pembe usizikubali hata za bure.

Kuna mahali ambapo subira na vifaa vyako havitoshi. Ukikuta kutu kwenye sakafu yenyewe kuzunguka nati zinazoshika bolti, au nati hizo zikizunguka pamoja na bolti, simamisha kazi na umpelekee fundi wa bodi anayefahamu kukata kipande na kuunga kingine kwa vipimo, akiwa ameondoa zulia na kiti kwanza. Ukisikia harufu ya waya kuungua au ukiona ala za nyaya zimeyeyuka, huyo ni fundi umeme wa magari, na betri ibaki imefunguliwa mpaka afike. Na ikiwa mahali pa kifungo cha mkanda pana shaka yoyote, usiliendeshe gari hata kwenda kwa fundi, libebwe.

Zulia na sponji yake vitoe nje kabisa, visichomwe na jua vikiwa vimekunjwa, na visirudi mpaka sponji ikibanwa kwa nguvu isitoe hata ubaridi. Ukirudisha, acha pembe moja chini ya kiti bila gundi. Mvua za masika zikipita, ingiza mkono hapo chini. Pakiwa pakavu, sogeza kiti mara moja mbele na nyuma kila mwezi, hata kama gari halitoki, na turubai libadilishe kwa kitambaa kinachopitisha hewa.